Homa na Chanzo Chake: Kazi ya Maabara ya Hospitali na Lugha ya Majibu Yake

Katika Kiswahili neno homa limebebeshwa mzigo mkubwa. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, humaanisha ule ujoto wa mwili aupatao mgonjwa. Lakini vile vile humaanisha ugonjwa wenyewe uletao ujoto huo. Mtu akisema, "Nina homa," msikilizaji hawezi kujua kama ametajiwa dalili au ametajiwa maradhi. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu hauna madhara, kwa kuwa mwenye kusema na mwenye kusikia wote wawili wataka jambo moja tu, nalo ni mgonjwa apate kupumzika. Hospitalini mambo ni mengine. Huko tabibu lazima achague dawa, na dawa iuayo vimelea vya malaria haiui bakteria, wala dawa iuayo bakteria haina nguvu juu ya virusi. Homa isipotenganishwa na chanzo chake, mgonjwa huweza kufa huku akinywa dawa iliyo njema kwa maradhi asiyokuwa nayo.

Makala haya yaeleza kwa mpango jinsi maabara ya hospitali inavyotenganisha maradhi ya kuambukiza yanayofanana kwa dalili, kisha yachunguza jinsi majibu ya maabara yanavyotamkwa katika Kiswahili. Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbali mbali, lakini kwa kweli yashikamana. Jibu la maabara ni kauli, na kauli ikifasiriwa vibaya hupoteza faida yote ya kazi iliyotangulia.

I. Majina ya homa yalivyojengwa

Majina ya homa yaliyo mashuhuri yakikusanywa pamoja, huonekana kwamba yamejengwa kwa kanuni chache. Mengine hutaja kiungo kinachoshikwa na maradhi: homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Mengine hutaja rangi, kama homa ya manjano, kwa sababu macho na ngozi ya mgonjwa hugeuka. Mengine hutaja mdudu aenezaye: homa ya papasi yatokana na wale kupe wakaao katika nyufa za nyumba za udongo, ambao huuma usiku na kurudi mafichoni. Mengine hutaja mahali, kama homa ya bonde la ufa, ambayo chanzo chake kilitambuliwa mwaka 1931 katika kondoo karibu na ziwa Naivasha, Kenya.

Majina hayo yote yatokana na yale ambayo jicho, mkono na kumbukumbu za watu vyaweza kuyapata, wala hakuna hata moja linalotaja kilichomo ndani ya damu. Jambo hili si aibu kwa Kiswahili. Mpaka robo ya mwisho ya karne ya 19 utabibu wa dunia nzima uliyaita maradhi kwa namna hiyo hiyo. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliona vimelea katika damu ya mgonjwa. Na mwaka 1897 Ronald Ross alivigundua vimelea vya namna hiyo ndani ya mbu huko India. Baada ya hapo matabibu waliiacha habari ya hewa, lakini jina halikubadilika.

Kwa kupima uwezo na upungufu wa majina yatokanayo na dalili, yafaa kulinganisha mifano miwili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1870 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea Unguja. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyefanya kazi kisiwani wakati huo, aliandika habari zake na akasema kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo. Jina hilo lajulikana leo zaidi kwa umbo la kidinga popo. Wazee walimweleza kwamba ugonjwa wa namna hiyo uliwahi kufika kisiwani karibu na mwaka 1823. Christie aliufananisha na ugonjwa ulioitwa dengue katika visiwa vya Karibi, na wanachuoni wengi baada yake wakasema kwamba neno dengue lenyewe lilitokana na dinga la Kiswahili, likavuka bahari pamoja na ugonjwa. Lakini mwaka 1971 Donald Carey alizipitia tena habari za Christie, akatoa hoja kwamba maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu baada ya homa kwisha yafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Hoja yake ni nzito, lakini hakuna damu ya mgonjwa wa mwaka 1870 iliyohifadhiwa, na kwa ajili hiyo shauri hilo halina mwamuzi.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1952, wakati homa iliyo karibu sawa na ile ilipozuka katika uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde waliipa jina la chikungunya, yaani kitu kimkunjacho mtu, kwa kuwa mgonjwa alijikunja kwa maumivu. Matabibu nao waliona kwamba dalili zake ni kama za dengi. Lakini safari hii damu ya wagonjwa ilichukuliwa, ikapelekwa kwenye taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, Uganda, na R. W. Ross akapata virusi ambavyo havikuwa vya dengi. Habari za tabia ya virusi hivyo zilichapishwa mwaka 1956. Wamakonde na watu wa Unguja waliona jambo lile lile kwa macho, na kila kundi lilitoa jina zuri. Tofauti iliyopo ni kwamba shauri la Newala laweza kuamuliwa na lile la Unguja haliwezi, nayo yatokana na kiasi kidogo cha damu kilichowekwa ndani ya chupa.

II. Njia tano za kutafuta chanzo

Kazi ya maabara huanza kabla sampuli haijafika maabara. Damu ya kuoteshwa yapasa kuchukuliwa kabla mgonjwa hajapewa dawa za kuua bakteria, maana dawa hizo zaweza kuzuia vijidudu visiote ingawa bado vingali mwilini. Ngozi yapasa kusafishwa vyema, la sivyo bakteria wakaao juu ya ngozi bila madhara wataingia katika chupa na kudhaniwa kuwa ndio wenye makosa. Kwa mtu mzima hutakiwa kiasi cha mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kwa sababu bakteria katika damu huwa wachache sana.

Hapo mlangoni lugha huanza kufanya kazi yake. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu huambiwa alete makohozi. Asipoelezwa kwamba makohozi ni kile kitokacho chini kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, huleta mate. Mtaalamu wa maabara atayapima mate hayo kwa uaminifu, na atasema kweli kwamba hakuona kitu. Kosa lililofanyika katika neno moja haliwezi kurekebishwa na hadubini.

Njia ya kwanza ni kutazama kwa hadubini. Kwa malaria, damu huwekwa juu ya kioo kwa namna mbili. Tone nene huwezesha damu nyingi kutazamwa kwa muda mfupi, na hivyo hufaa kwa kuvisaka vimelea vilivyo vichache. Utando mwembamba huacha chembe nyekundu zikiwa zimelala moja moja, na hivyo hufaa kwa kutambua aina ya kimelea. Rangi itumiwayo ni ile iliyotengenezwa na Gustav Giemsa huko Hamburg mwaka 1904. Vimelea huhesabiwa kwa kulinganishwa na chembe nyeupe za damu, kwa kawaida chembe 200, ili tabibu ajue si kwamba vimo tu, bali ni vingi kiasi gani.

Kwa bakteria hutumika njia ya Hans Christian Gram, aliyoitangaza mwaka 1884. Bakteria hupakwa rangi ya zambarau, kisha huoshwa kwa spiriti. Baadhi yao huishika rangi ile, na wengine huiachia, kisha hupakwa nyekundu ili waonekane. Tofauti hiyo yatokana na ukuta wa mwili wa bakteria, na kwa kuwa dawa nyingi hushambulia ukuta huo, rangi peke yake yaweza kumwongoza tabibu katika saa ya kwanza. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza Berlin mwaka 1882, ana ukuta wa nta usiokubali rangi kwa urahisi. Hupakwa kwa njia ya Ziehl na Neelsen, ambapo hata tindikali haiwezi kuiondoa rangi iliyokwisha kuingia. Ni lazima ikumbukwe, hata hivyo, kwamba hadubini huhitaji bakteria kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo waonekane. Mgonjwa aliye na wachache kuliko hao hubaki amefichika.

Njia ya pili ni kuotesha. Neno hili la mkulima lafaa sana, kwa maana kazi yenyewe ni ya kupanda na kungoja. Sampuli huwekwa katika chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa agari, kitu kitokanacho na mwani wa baharini. Shauri la kutumia agari lilitolewa mwaka 1881 na Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wa Koch, ambaye alikuwa akiitumia jikoni. Bakteria mmoja asiyeonekana huzaa kundi zima linaloonekana kwa macho. Damu huwekwa katika joto kama la mwili, mara nyingi kwa siku 5, kabla ya kusemwa kwamba hakuna kilichoota. Kifua kikuu huota polepole mno, na jibu lake huweza kuchukua majuma 2 hadi 8.

Njia ya tatu ni kutafuta antijeni, yaani vipande vya mwili wa kijidudu chenyewe. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hutumia tone moja la damu ya kidole na hujibu kwa dakika 15 hadi 20, ni cha namna hii. Kimefika hata katika zahanati zisizo na umeme, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.

Njia ya nne ni kutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hujitengenezea dhidi ya adui. Fernand Widal alionyesha njia hiyo kwa homa ya matumbo mwaka 1896. Ugumu wake ni kwamba kingamwili hubaki muda mrefu baada ya vita kwisha, na mtu aliyeugua zamani au aliyechanjwa aweza kuwa nazo. Kwa hiyo katika maradhi kadha hutakiwa sampuli mbili, ya kwanza siku za ugonjwa na ya pili baada ya majuma kadha. Kiasi cha kingamwili kikiongezeka mara 4 au zaidi, yasemwa kwamba maambukizo yalikuwa mapya. Yaani jibu la hakika hupatikana wakati mgonjwa amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Njia hiyo huwafundisha matabibu maradhi gani yamo nchini mwao, lakini haimsaidii sana yule aliyelala kitandani.

Njia ya tano, iliyo changa kuliko zote, ni kutafuta vinasaba. Mwaka 1983 Kary Mullis wa Marekani alibuni jinsi ya kukizidisha kipande kidogo cha vinasaba mpaka kikawa kingi cha kutosha kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine ya kupima kifua kikuu kwa njia hiyo, ambayo kwa muda wa saa 2 hivi huonyesha kama bakteria wamo, na pia kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, iliyo mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo.

III. Kutambua na kubainisha

Katika maandishi ya Kiswahili maneno kutambua na kubainisha hutumika mara nyingi kama kwamba ni neno moja. Katika kazi ya maabara yafaa yatenganishwe. Kutambua ni kujua kijidudu ni nani. Kubainisha ni kujua ana sifa gani. Salmonela yaweza kutambuliwa katika chupa ya damu, lakini kundi la salmonela ni kubwa. Yuko aletaye homa ya matumbo, aishiye kwa binadamu peke yake. Wako na wengine, wapatikanao katika wanyama pia, ambao kwa watoto wachanga wa Afrika na kwa watu walioishiwa kinga huingia katika damu na kuua. Asiyebainisha huyaita yote hayo taifodi, na hupoteza njia ya kujua mgonjwa aliambukizwa wapi.

Sifa iliyo muhimu kuliko zote kwa mgonjwa ni jinsi kijidudu kinavyostahimili dawa. Kwa njia iliyowekewa kanuni na Bauer na Kirby mwaka 1966, bakteria hutandazwa juu ya agari, kisha vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa huwekwa juu yake. Kesho yake huonekana duara tupu kuzunguka karatasi ambazo dawa yake imewaua. Duara hilo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali. Pasipo na duara, dawa hiyo haina kazi.

Neno lililochukuliwa kueleza hali hiyo, usugu, latoka katika sugu, yaani ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mshika jembe. Ni neno zuri, maana lina picha ndani yake. Lakini picha hiyo huwapoteza wengi. Kwa kuwa sugu hujulikana kuwa ni ya mwili wa mtu, wagonjwa hudhani kwamba ni mwili wao uliozoea dawa, na kwamba mtu ambaye hajapata kutumia dawa nyingi hana la kuogopa. Kwa kweli aliye sugu ni bakteria, naye huweza kuhamia kwa mtoto wa jirani ambaye hajapata kunywa hata kidonge kimoja. Yafaa basi kusema "bakteria sugu" au "usugu wa vijidudu", ili mwenye sifa atajwe pamoja na sifa yake.

IV. Wodi bila maabara: ushahidi wa Tanzania

Yaliyoelezwa mpaka hapa yangeweza kudhaniwa kuwa ni mambo ya usahihi wa kitaalamu tu. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Tanzania waonyesha kwamba ni mambo ya uhai.

Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha habari za hospitali 10 za Tanzania. Miongoni mwa wagonjwa 4,474 waliotibiwa kama wenye malaria kali, ni 2,062 tu, yaani asilimia 46.1, waliokuwa na vimelea damuni damu yao ilipotazamwa tena kwa uangalifu. Miongoni mwa wale waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9, miongoni mwa wale wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Waliopewa jina lisilo lao ndio waliokufa zaidi.

Lakini kujua kwamba ugonjwa si malaria si sawa na kujua ni nini. Swali hili la pili lilichunguzwa Moshi, katika hospitali ya KCMC na ile ya Mawenzi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. John Crump na wenzake waliandikisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima, wakazipima sampuli zao kwa karibu njia zote zilizotajwa hapo juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Matabibu wa wodi walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Maabara iliikuta malaria kwa 14, asilimia 1.6. Maambukizo ya bakteria katika damu yalionekana kwa wagonjwa 85. Na miongoni mwa wale ambao sampuli zao zilitosha kupimwa kwa maradhi yatokanayo na wanyama, asilimia 26.2 walikuwa nayo: leptospira, itokanayo na mkojo wa panya na wanyama wengine, homa ziletwazo na kupe, homa iitwayo Q, ipatikanayo kwa mifugo, na brusela, iletwayo na maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika mifugo yenye ugonjwa. Chikungunya ilionekana kwa watu 55. Dengi haikuonekana kwa hata mmoja.

Yapasa kuangalia kwamba katika orodha ya matabibu maradhi hayo yatokanayo na wanyama hayakutajwa hata mara moja. Matabibu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifanya kazi mahali ambapo kwa miaka mingi homa na malaria zilikuwa kama neno moja, nao hawakuwa na kipimo cha kuwaambia vingine. Homa ikisemwa, malaria hujibu. Hiyo ni tabia ya lugha kabla ya kuwa kosa la utabibu.

V. Lugha ya majibu

Sasa yafaa kutazama jinsi jibu linavyosafiri kutoka katika karatasi ya maabara mpaka katika sikio la mgonjwa. Maneno mawili yaliyozoeleka ni chanya na hasi. Katika hesabu maneno hayo hayana utata. Katika wodi yanao. Mtu aambiwaye kwamba kipimo ni chanya huelewa kwamba ana ugonjwa, na aambiwaye kuwa ni hasi huelewa kwamba ni mzima. Tafsiri zote mbili zaweza kuwa za makosa.

Kwanza, hasi. Mtaalamu aliyetazama kioo cha damu na asione kimelea huandika hasi. Mwuguzi husema, "Hana malaria." Ndugu zake husema, "Hana kitu." Hatua tatu zimepita, na katika kila hatua maana imepanuka. Kauli ya kwanza ilihusu kioo kimoja. Ya pili ilihusu mwili mzima. Ya tatu ilihusu maradhi yote ya ulimwengu. Mgonjwa aliyeambiwa hana kitu hurudi nyumbani na leptospira yake, au hununua dawa ya malaria dukani kwa kuwa hawezi kuamini kwamba homa yake si kitu.

Kiswahili kina njia yake cha kuepukana na kosa hili, wala haihitaji neno jipya. Viko vitenzi vya hali kama kuonekana na kupatikana, ambavyo hueleza jambo kwa kadiri lilivyomfikia mtazamaji. Kusema "vimelea havikuonekana" si sawa na kusema "vimelea havipo". Kauli ya kwanza yahifadhi kipimo na mipaka yake. Ya pili yatoa hukumu. Mzee wa pwani aliyetumwa kutazama kama jahazi limefika hasemi "halipo". Husema "halijaonekana", na wote waelewa kwamba ataendelea kutazama. Uangalifu huo huo watakiwa katika karatasi ya majibu.

Pili, chanya. Katika mikoa yenye malaria nyingi, mtu mzima aweza kubeba vimelea vichache damuni bila kuumwa navyo, kwa sababu mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Mtu huyo akiingia hospitalini kwa homa ya mapafu, kipimo chake cha malaria kitakuwa chanya, na chanya hiyo ni ya kweli. Lakini siyo iliyomleta. Hali kadhalika kipimo cha Widal, kikifanywa mara moja tu, chaweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizo ya zamani. Wagonjwa wengi wameitwa wenye taifodi kwa kingamwili za miaka iliyopita.

Kwa ajili hiyo karatasi ya majibu iliyo njema yapasa kuwa na mambo matatu katika Kiswahili kilicho wazi: ni nini kilichopimwa na kwa njia gani, ni nini kilichoonekana au kisichoonekana, na ni maradhi gani ambayo kipimo hicho hakikuyagusa. Mfano wake ni huu: "Damu imetazamwa kwa hadubini, tone nene. Vimelea vya malaria havikuonekana. Kipimo hiki hakitafuti bakteria wala virusi." Sentensi hizo tatu si ndefu, na tabibu aliyechoka usiku wa manane aweza kuzisoma bila kupotea.

VI. Jina litokalo maabara

Mfano wa mwisho waonyesha jinsi maabara na lugha vinavyoweza kusaidiana. Mwaka 2022 watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, walipatwa na ugonjwa wa homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Watatu walikufa. Habari zilienea kwamba ni ugonjwa usiojulikana, na hofu ikawa kubwa, kwa maana damu puani huwakumbusha watu Ebola. Sampuli zilipimwa, na Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonekana. Mwezi wa Julai Wizara ya Afya ilitangaza kwamba chanzo ni leptospira, na ikautaja ugonjwa kwa jina la homa ya mgunda.

Jina hilo lastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Neno mgunda lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, kama mũgũnda wa Kikikuyu, na maana yake ni shamba. Bakteria huyo hukaa katika maji na udongo uliochafuliwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, na mkulima aliye miguu mitupu yumo hatarini. Basi jina limeundwa kwa kanuni ile ile ya kale, ile ya homa ya papasi, ya kutaja pale hatari inapotoka. Tofauti ni kwamba mara hii kanuni imetumika baada ya maabara kusema, si kabla yake. Mwenye kulisikia hujua la kufanya: avae viatu, afunike chakula, azuie panya. Lakini jina hilo halikuweza kutolewa na mtu yeyote mpaka damu ilipopimwa.

Kutokana na hayo yote yaonekana kwamba neno homa halina haja ya kufukuzwa katika Kiswahili. Ni neno la haki kwa kile mgonjwa akisikiacho mwilini, na tabibu yapasa alipokee kama lilivyo. Linalotakiwa ni kwamba lisitumike kama jibu. Mgonjwa asemapo "nina homa", amefungua shauri. Kazi ya maabara ni kutafuta mashahidi, na kazi ya wajuzi wa lugha, wakikaa pamoja na wataalamu wa maabara, ni kuhakikisha kwamba ushahidi huo wafika kwa mgonjwa bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kazi hiyo ya pili bado ni changa. Yaweza kuanzwa na karatasi ya majibu ya hospitali moja ya wilaya, kwa kuisoma mstari kwa mstari na kuuliza kila neno lasema nini kwa yule atakayelisikia.